Mara ya kwanza kwenye vibanda vya Istanbul na Cairo

Istanbul, anza na doner, nyama inayochomwa kwenye mshikaki wima unaozunguka, lakini tazama mshikaki huo mkubwa kabla ya kuagiza. Ukiona matabaka, nyama hiyo imepangwa kipande kwa kipande. Ukiwa laini pande zote kama nguzo ya zege, ni nyama ya kusaga; si mbaya, ila usikubali kuilipia bei ya nyama ya vipande. Nenda saa za mlo. Wateja wakiwa wengi, moto hauzimwi na muuzaji anakata tabaka la nje lililoiva tu. Wakipungua, nyama hukaa vuguvugu, na hapo ndipo tumbo huharibika.

Lahmacun, mkate mwembamba uliopakwa nyama ya kusaga, hauhitaji kisu. Kamulia limau, weka majani mabichi na kitunguu, viringisha, ule ungali moto; ukipoa unakauka.

Midye dolma ni kome waliojazwa wali wenye viungo. Unalipa kwa idadi, na muuzaji huendelea kukupa mpaka useme basi. Gamba la juu ndilo kijiko chako. Waliokaa juani, waache.

Cairo, agiza taamiya, yaani falafel (vitonge vya kukaanga) ya Kimisri: ya ful, maharage mapana, badala ya dengu, kijani ndani kwa sababu ya majani. Subiri zinazotoka kwenye mafuta muda huohuo, maana zikikaa ganda hulainika.

Na ayran ya Istanbul ni kinywaji cha mtindi wa chumvi. Sukari usiulizie.