SOMO: Mishumaa ya vifuu na mapambo ya Krismasi (soma yote kabla hujauliza)

Ikifika Disemba simu yangu haipoi. "Dada, ile mishumaa ya vifuu unafanyaje?" Nimeshajibu kwa sauti, kwa maandishi, na mara moja nikiwa nimebanwa ndani ya daladala ya Tomondo. Basi naandika hapa. Atakayeniuliza tena, namleta huku.

Tafuta nta ya nyuki kwa mrina asali, vipande vya mishumaa vilivyobaki, uzi wa pamba mtupu, vifuu vya nazi, na sufuria mbili ambazo hutazipikia tena.

1. Vifuu. Kwangua machicha yote, piga msasa, anika siku mbili. Kifuu cha upande wa macho kina jicho moja laini, na nta itavujia hapo. Lidondoshee nta kwa ndani, igande, ndiyo umimine.

2. Utambi. Suka nyuzi tatu kama unavyosuka nywele, chovya kwenye nta, nyoosha, acha ukauke.

3. Kuyeyusha. Sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo maji ya moto yanatosha. Usiibandike juu ya moto wenyewe, na usiondoke jikoni.

4. Harufu. Hapa ndipo nilipounguza nyumba, nusura. Krismasi ya 2009 umeme ulikuwa umekatika Unguja nzima, haukurudi mpaka Machi 2010, nasi tukawa tunaishi kwa mishumaa. Nikajiona fundi: nikapanga karafuu kavu juu ya nta, duara zuri kuzunguka utambi, kama maua. Tumerudi misa ya usiku kanisa la Minara Miwili, nikawasha. Nta ilipolainika karafuu zikateleza mpaka kwenye utambi, kila moja ikashika moto ikawa utambi wake. Kifuu kizima kikawaka. Mdogo wangu kwa huruma akakimwagia kikombe cha maji. Jamani! Maji yaligeuka mvuke papo hapo, nta ikaruka na moto wake, kanga iliyokuwa kwenye kamba ikashika. Kovu ninalo mkononi hadi leo.

Kwa hiyo: karafuu nzima HAZIINGII kwenye mshumaa. Wala ya kusaga, wala mdalasini, wala maua makavu. Ukitaka harufu tia mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), yale yanayokamuliwa Pemba: kijiko kimoja cha chai kwa robo kilo ya nta, baada ya kuepua. Usiyashike kwa vidole vitupu, yanachoma. Na mshumaa ukilipuka, funika kwa mfuniko wa sufuria. Maji kamwe.

5. Kumimina. Bana utambi katikati ya chelewa (njiti za ukuti) mbili zilizolazwa juu ya kifuu, mimina, usiguse mpaka igande. Ikibonyea katikati, jazia. Mshumaa ukifika kidole kimoja toka chini, zima. Kifuu nacho ni kuni.

6. Mapambo. Nyota za ukindu uliotiwa rangi: anayejua kuanza mkeka hahitaji kufundishwa. Mti ni tawi la mvinje, la kupogolewa, si kuukata mti unaoshika mchanga wa pwani. Karafuu zako sasa peleka kwenye chungwa: toboa kwa sindano ya gunia, chomeka, funga utepe, tundika.

MASWALI

Mpenda_Pambo: Asante dada. Karafuu natia ngapi kwenye mshumaa mmoja?
— Hatua ya 4.

Mpenda_Pambo: Nimeona, lakini zikiwa mbili tu?
— Hata moja. Umesoma ulipofika kanga?

Bi_Wete: Chungwa langu mwaka jana liliota ukungu siku ya nne. Nilikosea wapi?
— Swali zuri, bibie. Hukukosea sana, ni unyevu wa hewa yetu. Chagua dogo lenye ganda lisilo na jeraha, karafuu zikaribiane mpaka ganda lisionekane, kisha ligaragaze kwenye mdalasini wa kusaga. Usilifungie kwenye mfuko. Liweke chini ya feni na uligeuze kila siku. Likiwa jepesi mkononi, limekauka.

Kijana_Chwaka: Asalaam aleikum. Mimi Krismasi sina, ila umeme ukikatika nataka mwanga. Mafuta ya nazi tunayo tele, hayawezi kuwa mshumaa?
— Waaleikum salaam. Peke yake hapana. Mafuta ya nazi yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na kwetu hata usiku joto mara nyingi linapita hapo, utabaki na uji. Lakini usiyadharau: utambi ndani ya kifuu chenye mafuta, ncha ikae juu, hiyo ni taa tayari. Njoo uniambie ilivyokwenda.

Mama_Mapacha: Nimefuata kila hatua, nta imemwagikia kanga yangu mpya!
— Kuimwagia kanga si hatua yangu.

Bi_Wete: Shoga, usimjibu hivyo. Mama, iache igande, ibandue kwa kisu butu, weka karatasi ya gazeti juu na chini, pitisha pasi ya moto mdogo. Badilisha karatasi mpaka isishike tena mafuta.
— Hiyo nilikuwa siijui. Ile yangu ya 2009 niliikata matambara.

Mpenda_Pambo: Na karafuu ya unga?