Kilomita za Desemba: Kujenga Msingi wa Mbio Ndefu Katika Nchi ya Baridi

Mbio za marathoni za Boston, kaskazini mashariki mwa Marekani, hukimbiwa kila mwaka Jumatatu ya tatu ya Aprili, na mkimbiaji anayesubiri theluji iyeyuke ndipo aanze kujiandaa huwa amekwisha kuchelewa. Kazi kubwa hufanyika kuanzia mwanzo wa Desemba hadi mwishoni mwa Februari, wakati ambapo watu wengi hawataki hata kufungua mlango, na jua la Desemba huzama saa kumi na robo jioni. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka Afrika Mashariki na sasa wanaishi katika ukanda huo kwa masomo au kwa kazi, na ambao tayari wanakimbia mara nne au tano kwa wiki bila maumivu. Asiyefikia hapo na atangulie kutembea na kukimbia kwa kupokezana kwa miezi miwili au mitatu, kwa kuwa hesabu zilizomo humu zitamlemea.

Msingi ni kipindi cha kuongeza jumla ya kilomita kwa mwendo mwepesi, bila kusaka kasi. Katika wiki hizo moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo kabisa ya damu huongezeka ndani ya misuli, na mitokondria, yaani vile vijisehemu vya seli vinavyogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu, huongezeka idadi na uwezo. Mwili huzoea pia kutumia mafuta zaidi na kuitunza akiba ndogo ya wanga iliyomo katika misuli na ini, akiba ambayo ikimwishia mkimbiaji kwenye kilomita ya 30, miguu yake hugeuka magogo. Mambo haya hayaletwi na mazoezi makali mawili matatu, bali na kutoka nje siku nenda siku rudi.

Hata hivyo, sehemu zote za mwili haziimariki kwa pamoja. Pumzi huwa nzuri ndani ya wiki chache, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi. Hapo ndipo wengi huumia: ifikapo wiki ya tano mkimbiaji hujiona mwepesi, akaongeza kilomita 20 kwa mkupuo, na baada ya wiki mbili ugoko unamuuma hata akipanda ngazi za nyumbani kwake. Katika yote nitakayosema hapa, hili ndilo ninalolisisitiza zaidi: kabla ya kuongeza kilomita, usiisikilize pumzi, usikilize ugoko na kano ya kisigino.

Aliyeieneza njia hii duniani ni Arthur Lydiard wa New Zealand, mtu aliyefanya kazi katika kiwanda cha viatu na kuyajaribu mazoezi hayo kwenye mwili wake mwenyewe kabla ya kumpa mtu mwingine. Wanafunzi wake walikimbia kilomita zipatazo 160 kwa wiki katika kipindi cha msingi, hata Peter Snell ambaye mashindano yake yalikuwa ya mita 800. Katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, Snell alishinda mita 800 na mwenzake Murray Halberg akashinda mita 5,000 siku hiyo hiyo. Habari hii huwavutia watu vibaya, kwani wengi huchukua ile namba 160 na kuacha miaka iliyotumika kuifikia. Kwa mtu mwenye kazi ya kutwa na watoto, kilomita 60 au 70 zinazokimbiwa kila wiki bila kukatizwa na majeraha zina faida kubwa kuliko 100 zinazofikiwa mara moja na kufuatiwa na mwezi wa kuchechemea.

Tuchukue mfano wa mkimbiaji anayemaliza Novemba akiwa na kilomita 40 kwa wiki. Wiki tatu za kwanza akimbie kilomita 40, 44 na 48, kisha wiki ya nne ashuke hadi 38 ili mwili uyameze yaliyotangulia. Wiki tatu zinazofuata ziwe 50, 54 na 58, na ya nane iwe 45. Halafu aende 60, 65 na 70, na wiki ya kumi na mbili apumzike kwa 55. Wiki hizo za kushuka si za hiari. Ninawajua wakimbiaji wazuri walioziruka kwa sababu walijisikia vizuri, na karibu wote walilazimishwa kupumzika baadaye kwa muda mrefu zaidi. Wiki ambayo dhoruba ya theluji au homa imekula siku zako, usilipe deni. Endelea na ratiba kana kwamba kilomita hizo hazikuwahi kuwepo, na kama umepoteza wiki nzima, rudi nyuma hatua moja.

Wiki ya kilomita 60 inaweza kupangwa hivi: Jumatatu kupumzika, Jumanne 10, Jumatano 12, Alhamisi 6, Ijumaa 8, Jumamosi 6, na Jumapili mbio ndefu ya kilomita 18. Mbio ndefu isizidi sana asilimia 30 ya jumla ya wiki. Ikizidi hapo, siku nyingine zote zinakuwa za kujiuguza badala ya kujenga.

Kuhusu mwendo, kipimo ninachokiamini ni mazungumzo. Ukiwa na mwenzako uweze kutamka sentensi nzima, tena ndefu, bila kukatiza ili uvute hewa. Ukiwa peke yako, jaribu kusema maneno hayo kwa sauti. Wenyeji wa Iten na Kaptagat nchini Kenya wanalijua hili vizuri kuliko mtu yeyote: makundi ya alfajiri huanza polepole kiasi kwamba mgeni wa kawaida huweza kuandamana na mabingwa wa dunia kwa kilomita za mwanzo. Mtu akiwaona mabingwa hao kwenye runinga hudhani kwamba kila siku hukimbia kwa kasi ile, naye akijilazimisha hivyo kila asubuhi, hachukui muda kuchoka. Katika baridi kuna sababu nyingine ya kuacha kasi. Theluji laini, barafu, nguo nyingi na upepo wa mbele vinaweza kukuchelewesha nusu dakika au zaidi kwa kila kilomita ingawa jitihada ni ile ile. Siku kama hizo hesabu dakika: ikiwa kilomita 10 zako nyepesi huchukua saa moja, kimbia saa moja, urudi nyumbani, na uandike kwamba umefanya kazi ya kilomita 10 hata kama saa ya mkononi inaonyesha kilomita nane na nusu.

Hii haina maana kwamba miguu iachwe isahau kukimbia. Mara mbili kwa wiki, ukimaliza mbio nyepesi na ukapata kipande cha barabara kisicho na barafu, kimbia mikimbio sita ya sekunde 20, kwa haraka lakini bila kukaza mabega, ukitembea katikati hadi pumzi irudi kabisa. Kuanzia wiki ya saba, siku moja ya katikati ya wiki inaweza kuwa na dakika 20 za mwendo wa kati, ule unaokuruhusu kusema maneno matatu au manne tu kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo ngoja.

Sasa baridi yenyewe, ambayo humshinda mgeni zaidi kuliko kilomita. Fulana ya pamba iache nyumbani, kwa sababu hushika jasho na jasho likipoa linakugandisha. Mwilini vaa nguo nyepesi ya sufu au ya kitambaa cha michezo, juu yake koti jembamba linalozuia upepo, pamoja na kofia, glavu na skafu ya kuvuta juu ya mdomo ili hewa ipate joto kidogo kabla ya kuingia mapafuni. Mwenye pumu asiipuuze skafu hiyo, na asitoke bila dawa yake ya kuvuta. Vaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi za Selsiasi 8 hadi 10 zaidi ya lile lililopo. Ukitoka mlangoni ukiwa umestarehe, baada ya kilomita mbili utakuwa umelowa. Anza safari ukiukabili upepo na urudi ukiwa nao mgongoni, maana anayefanya kinyume hurudi nyumbani mwenye jasho akipigwa kifuani. Unapotazama hali ya hewa, angalia kipimo cha baridi pamoja na upepo: kikifika karibu nyuzi za Selsiasi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30, na siku hiyo mashine ya kukimbilia ndiyo mahali pako.

Jambo moja ambalo miongozo ya Kimarekani haiwezi kukuambia, kwa sababu haikuandikwa kwa mtu kutoka Nairobi au Arusha, ni upande wa barabara. Nyumbani magari hupita kushoto, kwa hiyo tumezoea kukimbia upande wa kulia ili tuyaone yanayotujia. Marekani hupita kulia, na ukifuata mazoea katika giza la jioni utakuwa umeyapa mgongo. Kimbia kushoto, uvae kizibao cha reflekta na taa ya kichwani. Lililo bora zaidi ni kutafuta njia isiyo na magari mengi, kama ile barabara ndogo iliyo sambamba na Commonwealth Avenue mjini Newton, inayokupitisha kwenye vilima vile vile utakavyovikuta Aprili.

Mwili uliofunikwa hivyo hauoni jua, na hata ukiliona, katika majira hayo jua la kaskazini liko chini mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D ya kutosha, upungufu ambao huwa mkubwa zaidi kwa mwenye ngozi nyeusi. Vitamini hiyo ndiyo inayosaidia mifupa kupokea kalsiamu, na mifupa ndiyo inayobeba kilomita hizi zote. Mwombe daktari akupime damu mwanzoni mwa Desemba, vitamini D pamoja na akiba ya madini ya chuma, hasa kwa wanawake, na umeze vidonge kwa ushauri wake tu. Kula vya kutosha pia. Ugali, maharage, dagaa na sukuma wiki ni chakula cha mkimbiaji mahali popote, na katika maduka ya Waafrika ya miji mikubwa vingi vyake hupatikana. Kiu hupungua kwenye baridi ilhali jasho linaendelea kutoka chini ya koti, kwa hiyo kunywa maji au chai hata kama hujisikii kuhitaji.

Maumivu yanayosambaa kwenye misuli na kupungua unapopata joto unaweza kukimbia nayo kwa tahadhari. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa, unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, na ambayo huzidi kadiri unavyokimbia, yanaweza kuwa ufa: simama siku hiyo hiyo na umwone daktari.

Anayejiuliza kama taabu hii ina faida na amkumbuke Yuki Kawauchi wa Japani. Tarehe 1 Januari 2018 alikimbia marathoni ndogo ya Marshfield, Massachusetts, katika baridi kali sana, akamaliza chini ya saa 2 na dakika 20. Aprili ya mwaka huo Boston ilikumbwa na mvua ya baridi na upepo mkali wa mbele, mabingwa wengi wakasalimu amri, na Kawauchi akashinda.

Mwishoni mwa Februari msingi unapomalizika, kaa kwenye kilomita 60 hadi 70 bila kuziongeza tena, na ubadilishe kilichomo ndani yake. Siku moja kwa wiki iwe ya kupanda vilima, na nyingine iwe ya mwendo wa mashindano. Usisahau kushuka, kwa sababu Boston huanza kwa mteremko kutoka Hopkinton, na mapaja ambayo hayakufundishwa kuuzuia mwili yanachakaa kabla hayajafika kilima cha Heartbreak Hill, kati ya kilomita ya 32 na ya 34. Anza na mteremko mpole, mikimbio minne tu ya mita 200 au 300, barabara ikiwa kavu kabisa, na usubiri siku mbili uone mapaja yanasemaje kabla ya kuongeza wa tano.