Kuchagua Kampuni ya Meli kwa Safari ya Familia Kwenda Kaskazini mwa Norwei

Ukitaka kuipeleka familia yako kaskazini mwa Norwei kwa meli ya kitalii, anza na pasipoti zenu kabla hujafungua ukurasa wa picha wa kampuni yoyote. Bandari ambayo meli inaondokea ndiyo inayoamua viza mtakazohitaji, na viza zitaipunguza orodha ya kampuni kuliko bei au ukubwa wa meli. Meli inayoondoka Southampton nchini Uingereza inamtaka abiria mwenye pasipoti ya Tanzania awe na viza ya Uingereza na pia ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Norwei ikiwamo), yaani maombi mawili, ada mbili na kusubiri kuwili. Inayoondoka Hamburg au Kiel nchini Ujerumani, Copenhagen nchini Denmark au Bergen huko huko Norwei inahitaji Schengen peke yake, mradi ratiba isipitie bandari za Uskochi, ambayo ni sehemu ya Uingereza, kama Kirkwall au Invergordon, ambazo baadhi ya kampuni huziweka katikati ya safari. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mara ya kwanza nilipopanga safari hii wakala mmoja alitukatia nafasi za kutokea Southampton bila kututajia viza ya pili, na arubuni ya watu sita ikapotea.

Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi asiyefika 12, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15, lakini familia ya watu wengi isithubutu kungoja hata mwezi wa mwisho. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 kwa kila mmoja. Kwa kila mtoto tayarisha cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, barua ya ridhaa yake.

Baada ya viza, itazame bahari yenyewe. Sehemu kubwa ya pwani ya Norwei imekingwa na visiwa, na meli hupita ndani kwa utulivu, lakini ipo mikato ya bahari wazi kama Stad, Hustadvika na Vestfjorden, ambako mtu aliyewahi kuvuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba wakati wa kusi atajikuta mahali anapopafahamu. Mwezi wa Machi 2019 meli ya Viking Sky, yenye watu zaidi ya 1,300, ilizimikiwa na mashine hapo Hustadvika katikati ya dhoruba, na mamia ya abiria wakaopolewa kwa helikopta, wote wakasalimika. Kwa familia yenye watoto na wazee, miezi ya kwenda ni Juni na Julai, na inaangukia vizuri likizo ya skuli ya katikati ya mwaka. Bibi au mtoto anayelewa bahari mtafutieni chumba cha katikati ya meli na cha sitaha ya chini, wala msivutwe na roshani iliyoko juu karibu na omo.

Sasa ndipo kampuni zenyewe zinapokuja, na hapa ndipo ninapokuomba, ndugu msomaji, uende polepole. Ziko meli kubwa za kitalii, kama zile za MSC zinazoondoka Ujerumani na Denmark au za P&O zinazoondoka Southampton, ambazo hubeba watu kwa maelfu na zina mabwawa, sinema na vyumba vya watoto vyenye walezi. Ziko meli za pwani za Hurtigruten na Havila, ambazo hufanya kazi ya usafiri wa wananchi. Na ziko meli ndogo za msafara zinazokwenda Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo mbali kaskazini kuelekea ncha ya dunia. Meli kubwa ni nafuu kwa kila kichwa na watoto hawachoki haraka, lakini sehemu ya muda wenu itapita ndani ya jumba linaloelea, na mnachokwenda kukiona mtakiona kutoka mbali.

Kwa maoni yangu, familia yetu ya Kizanzibari yenye watoto waliokwisha timiza miaka sita au saba itafaidika zaidi na meli za pwani. Njia hii ilianzishwa mwaka 1893, na leo Hurtigruten na Havila wanagawana safari zake kwa mkataba na serikali, kutoka Bergen hadi Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, bandari 34, kwa mzunguko wa siku 12 kwenda na kurudi. Hubeba watalii, lakini pia hubeba mwalimu anayehama kituo, mzigo wa dukani na mtoto anayekwenda kwa bibi yake, kama vile meli zetu za Unguja na Pemba zinavyobeba abiria pamoja na magodoro na matenga. Bandari nyingi meli husimama robo saa au nusu saa tu. Ni chache, kama Ålesund, Trondheim, Tromsø na Honningsvåg, zenye saa kadhaa za kushuka. Ukikubali hilo, unapata kitu ambacho meli kubwa haiwezi kukupa, yaani kupita karibu.

Nitatoa mfano mmoja. Katika safari ya kwenda kaskazini, baada ya Svolvær kwenye visiwa vya Lofoten, meli ya pwani huingia majira ya joto katika hori nyembamba iitwayo Trollfjord, ambayo mlango wake una upana wa mita 100 hivi. Ilikuwa saa tano na nusu za usiku, anga ni jeupe kama alasiri ya mawingu, na majabali yamesimama pande zote mbili karibu kiasi cha kusikia maji yakitiririka juu ya mawe. Mwanangu wa miaka saba alikuwa amejifunga kikoi cha babu yake juu ya koti, ameshika ukingo wa sitaha kwa mikono miwili, akaniuliza: "Baba, Magharibi lini?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu jua halikuchwa usiku ule.

Swali hilo litayarishie jibu nyumbani. Huko kwenye rasi ya Nordkapp, kwenye digrii 71 za kaskazini, jua halizami kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai. Wanazuoni wana kauli zaidi ya moja juu ya nyakati za sala mahali kama hapo: wako wanaofuata saa za Makka, na wako wanaofuata mji wa karibu ambao usiku na mchana bado vinapambanuka. Muulize shehe wako kabla hamjaondoka, muandike ratiba moja, na familia nzima iifuate. Kibla nayo inageuka. Sisi tumezoea kuelekea kaskazini hata wazee wakaliita kaskazini "kibla", lakini ukiwa Tromsø Makka iko kusini, ikiegemea kidogo mashariki, na kwa kuwa meli inageuka kila wakati, dira ya mkononi ni lazima. Iulize kampuni kama kuna chumba tulivu mnachoweza kukitumia. Vyumba vya kulala vya meli za pwani ni vidogo, na watu watano hawasimami safu.

Chakula ndicho kipimo changu cha kampuni. Iandikie ofisi yake kuu miezi miwili au mitatu kabla, uliza kwa maneno mafupi kama nyama ya halali inapatikana, kama michuzi inatiwa mvinyo, na kama vitamutamu vya watoto vina jelatini ya nguruwe. Kampuni inayojibu kwa kukutajia jina la chakula na atakayekihudumia ndani ya meli itawajibika pia mtoto akiugua. Inayojibu kwa barua ya shukrani tupu, iache. Meli za pwani zina wepesi hapa kwa sababu samaki ni wengi, na baadhi yao watoto watawatambua wenyewe. Lofoten huanika chewa wa bahari ya baridi (cod) juu ya vichanja vya miti kuanzia Februari, bila chumvi, kwa upepo na baridi tu, kisha humwangua mapema kiangazi. Mama mkwe wangu alipovibonyeza vipande hivyo, vikavu kama ubao, alisema ni ng'onda aliyesahau chumvi.

Ukiwa na mtoto chini ya miaka mitatu, au watoto watatu wenye kelele, rudi kwenye meli kubwa bila kuona haya. Kampuni nyingi hazichukui mtoto asiyetimiza miezi 6, na vyumba vya kuchezea aghalabu huanzia miaka 3 kwa mtoto aliyeacha nepi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Uliza pia lugha: kampuni ya AIDA, kwa mfano, huendesha shughuli zake kwa Kijerumani. Wengine hawachukui watoto kabisa; Viking hupokea wenye miaka 18 na zaidi, na P&O ina meli mbili, Arcadia na Aurora, ambazo ni za watu wazima tu.

Svalbard ningewaachia vijana waliokwisha komaa. Iko nje ya eneo la Schengen, kwa hiyo viza lazima iruhusu kuingia mara mbili. Tangu Januari 2025 meli inayoingia maeneo yaliyohifadhiwa hairuhusiwi kuwa na abiria zaidi ya 200, na dubu weupe hutazamwa kwa umbali usiopungua mita 300, au mita 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Sheria hizo ni njema kwa wanyama, lakini zimeifanya bei kuwa kubwa, na mtoto anayetegemea kumwona dubu karibu atavunjika moyo.

Kuhusu bei, usilinganishe tarakimu ya kwanza unayoonyeshwa. Chumba cha meli kwa kawaida hakizidi watu wanne, hivyo familia ya sita itahitaji vyumba viwili, na ni muhimu viwe na mlango wa kuunganisha au viwe jirani. Ongeza ada ya huduma ya kila siku, inayotozwa hata kwa watoto katika kampuni kadhaa, ziara za nchi kavu, intaneti na usiku wa kulala hotelini kabla ya safari, maana kufika siku ile ile meli inapong'oa nanga ni hatari. Na uangalie kama bei imefungwa pamoja na vinywaji vya baa. Omba bei isiyo nayo, kwani hakuna sababu ya nyumba isiyokunywa kulipia pombe ya siku kumi.

Tangu usiku wa Septemba 2011 ulioichukua meli ya Spice Islander ikielekea Pemba, hakuna mzazi wa Pemba anayepanda meli bila kuhesabu maboya, na tabia hiyo msiiache nyumbani. Kwa sheria ya kimataifa zoezi la usalama hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Siku ya kwanza waombeni mabaharia jaketi za uokozi za kipimo cha kila mtoto, wazivae na kuzivua mbele yenu, kisha tembeeni pamoja kutoka chumbani hadi kituo cha kukusanyikia mara mbili, mara moja kwa ngazi za mbele na mara moja za nyuma.

Nguo nzito tulizipata kwenye mitumba ya Darajani kwa bei ndogo: koti lisilopitisha maji, sweta mbili na soksi za sufu kwa kila mmoja zinatosha kwa Juni ya Tromsø, ambapo joto huchezea digrii 10 hivi. Mwisho, tafuta kampuni inayokubali kurudisha arubuni viza ikikataliwa, pata ahadi hiyo kwa maandishi, na usimalize malipo yote mpaka pasipoti ya mwisho iwe imerudi mkononi ikiwa na viza.