Jinsi ya kuomba kopi ya data zako (halafu zifutwe) kwenye tovuti ya mradi wa usawa wa kimbari shuleni

Wengi tuliojiunga na hii miradi ya kupigania usawa wa kimbari kwenye elimu tulijaza fomu zao kwa moyo mmoja. Unakuta swali la rangi yako, asili yako, shule anayosoma mtoto, afu kile kiboksi kikubwa cha "tueleze yaliyokukuta", unaandika mpaka machozi yanakulenga, unabonyeza tuma, basi. Mi niliandika aya tatu kuhusu mtoto wa dada yangu na mwalimu aliyekuwa anamkalisha nyuma ya darasa kila siku. Miezi imepita ndo nikajiuliza, hivi yale maneno yako wapi sasa hivi, na nani anayasoma? Nikaomba kopi. Utaratibu wenyewe nauweka hapa maana upo, na ni haki yako, sio fadhila ya mtu.

Kabla ya yote, usianze na "naomba mnifute". Anza na kopi. Kuna mradi mwingine niliwahi kuwaandikia wanifute, wakajibu fasta kwamba tayari, nikafurahi, kumbe nimejifungia mlango mwenyewe, kwa sababu baada ya hapo sikuwa na namna ya kujua faili langu walishampa nani kabla ya kulifuta. Kwa hiyo kopi kwanza, uisome, ndo uamue.

Hatua ya 1: Kusanya ulichowapa

Fungua imeili yako, tafuta jina la mradi, angalia na kwenye spamu. Utakuta vitu umeshasahau: ulijiandikisha kwa jarida lao, ulihudhuria semina ya mtandaoni (na pengine ilirekodiwa na sura yako imo), ulichangia hela, ulijaza dodoso. Andika kila kimoja na tarehe yake hata kama ni ya kukisia, na imeili uliyotumia. Hiyo imeili ni muhimu kuliko unavyodhani, kama ulitumia ya kazini wakati wa kujiandikisha na sasa unawaandikia kwa ya nyumbani watakwambia hawakuoni kwenye mfumo, na watakuwa wanasema kweli.

Hatua ya 2: Soma sera ya faragha, ila soma unachokitafuta

Linki yake huwa chini kabisa ya tovuti, kwa maandishi madogo. Huna haja ya kusoma yote. Tafuta manne tu: nani hasa mwenye dhamana ya data, imeili ya kupeleka maombi, data wanampa nani, na wanakaa nazo muda gani.

Hilo la kwanza ndo linawapoteza watu. Mradi unaweza kuwa na jina lake na nembo yake nzuri lakini kisheria uko chini ya chuo kikuu fulani au wakfu fulani, na ombi lako linatakiwa lifike huko. Na hilo la tatu, jua kwamba fomu nyingi hazikai kwenye seva ya mradi wenyewe, zinapita kwenye huduma kama Google Forms, jarida linatumwa na Mailchimp, semina iko Zoom. Sio kosa, ila kila mmoja hapo ana kipande chako, na sera inatakiwa ikwambie.

Piga skrinshoti ya sera siku hiyohiyo, tarehe ionekane. Sera hubadilishwa.

Hatua ya 3: Jua sheria gani inakubeba

Kama mradi uko Ulaya, sheria ni GDPR (ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data za watu), inafanya kazi tangu tarehe 25 Mei 2018. Kifungu cha 9 kinaweka rangi na asili ya mtu kwenye kundi la data nyeti, pamoja na afya, dini na siasa, yaani kimsingi hairuhusiwi kuzigusa mpaka kuwe na sababu maalum kama ridhaa yako ya wazi. Kifungu cha 15 kinakupa kopi, cha 17 kinakupa kufutwa. Uingereza walitoka Umoja wa Ulaya lakini walibaki na sheria ya namna hiyohiyo. Kenya wana sheria ya 2019 na yenyewe inataja mbari na asili ya kikabila kama data nyeti, Tanzania wana ya 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi.

Marekani ndo pagumu kidogo, hakuna sheria moja ya shirikisho inayofunika kila tovuti. Sheria ya faragha ya jimbo la California inatoa siku 45 za kujibu lakini inabana biashara za faida, asasi isiyo ya faida inaweza kukwambia haiihusu. Omba hivyohivyo, maana wakiwa wameandika kwenye sera yao kwamba unaweza kuomba, wameshaahidi wenyewe. Na kama unachotaka ni rekodi za mtoto zilizoko shuleni kwenyewe, hiyo ni njia nyingine, kuna sheria ya FERPA ya 1974 inayompa mzazi haki ya kuziona ndani ya siku 45, ombi linaenda shuleni sio kwa mradi.

Hatua ya 4: Andika ombi

Halihitaji wakili, chini ya GDPR halihitaji hata fomu maalum, imeili inatosha. Andika kwa lugha wanayofanyia kazi. La kwangu lilikaa hivi:

"Habari. Naomba kopi ya data zangu zote binafsi mlizonazo, zilizounganishwa na imeili hii. Naomba hasa: majibu yangu ya dodoso pamoja na swali la rangi na asili, maelezo niliyoandika mwenyewe, rekodi za semina nilizohudhuria, na barua zenu za ndani zinazonitaja. Naomba pia mnieleze mmezitumia kwa sababu gani, mmempa nani kwa majina, na mtazitunza hadi lini. Hili ni ombi chini ya kifungu cha 15 cha GDPR."

Ukiandika tu "nipeni data zangu" utaletewa jina na imeili yako, asante kwaheri. Zile "barua za ndani" usiziache, huko ndo utajua habari yako ilijadiliwa vipi.

Kwa mtoto, haki ni ya mtoto, wewe mzazi unaomba kwa niaba yake, na akiwa mkubwa wa kuelewa muulize kwanza. Mi ilibidi nikae na mpwa wangu nimwambie kwamba niliandika habari zake bila kumuuliza, na aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau.

Hatua ya 5: Kitambulisho

Wanaruhusiwa kuhakikisha ni wewe, ila kwa kiasi. Kama unaandika kwa imeili ileile uliyojiandikishia mara nyingi inatosha. Wakidai pasipoti waulize kwa nini, na ukituma ziba namba na picha, acha jina tu kama ndo wanalohitaji. Haiingii akilini uwape data nyeti mpya ili uone za zamani.

Hatua ya 6: Subiri, ila hesabu

GDPR inawapa mwezi mmoja, bure. Kama ombi ni gumu wanaweza kuongeza miezi miwili lakini lazima wakwambie ndani ya ule mwezi wa kwanza na sababu yake. Weka alamu kwenye simu. Ukifika mwezi kimya, tuma imeili fupi kwenye uzi uleule, usifungue mpya.

Hatua ya 7: Soma kopi kama mpelelezi

Hapa usiharakishe. Angalia kama jibu lako la rangi limekaa mstari mmoja na jina lako, au wamelitenganisha. Halafu angalia neno "bila majina". Mi nililetewa jedwali lililotoka kwenye ripoti: shule, darasa, jinsia, mbari, idadi. Mstari mmoja ulisomeka msichana, mweusi, 1. Jina halipo, lakini shule nzima inajua ni nani, maana yuko peke yake. Huko sio kuficha mtu. Ukikuta kitu kama hicho waandikie waunganishe madarasa au waondoe namba ndogo, ni marekebisho madogo sana na yanamlinda mtoto.

Sisemi wasikusanye. Marekani serikali inakusanya takwimu za mbari shuleni tangu 1968 na ndo hizo zilizoonyesha wazi kwamba wanafunzi weusi wanasimamishwa masomo kupita sehemu yao darasani. Bila kuhesabu huwezi kuthibitisha. Ila kinachohitajika ni hesabu, sio jina la mtu na machozi yake.

Hatua ya 8: Sasa omba kufutwa, au nusu

Si lazima ufute yote. Unaweza kusema: bakini na imeili yangu kwa ajili ya jarida, futeni maelezo na jibu la rangi, naondoa ridhaa yangu. Waombe wawaarifu na wale waliopewa. Baadhi watakataa kihalali, mfano risiti za mchango wanazotakiwa kutunza kwa hesabu, na kilichochanganywa kweli kwenye takwimu hakitoki tena. Kuki (vile vijifaili tovuti inavyoviacha kwenye kivinjari chako) ni rahisi, zifute mwenyewe kwenye kivinjari na ukirudi bonyeza kataa.

Hatua ya 9: Wakikataa bila sababu

Waambie kwa maandishi wakupe sababu. Kisha peleka kwa mamlaka: Uingereza ni ICO, nchi za Ulaya kila moja ina yake, Kenya ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Tanzania ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ambatisha ombi lako, tarehe, majibu yao na ile skrinshoti ya sera. Kwangu haikufika huko, baada ya imeili ya pili walirekebisha lile jedwali na zile aya tatu wakazitoa, wakanitumia kopi mpya isiyo nazo.