Ukikoroma na mimba, anza na anayelala nawe

Mimi ni mkunga, na mimba yangu ya pili nilikoroma hadi mume wangu akaamka. Kilichomtisha ni kimya: pumzi ilikatika, akahesabu hadi 12, ndipo nikashtuka kama mtu anayeibuka majini.

Basi mwombe mwenzako asikilize siku mbili tatu usiku. Unakoroma kila siku? Pumzi inakatika? Nawe jiangalie asubuhi: kichwa kinauma, mdomo umekauka, unasinzia ukichambua mchele? Andika, upeleke kliniki. Usingoje kuulizwa, mara nyingi hatuulizi, na hilo linaniuma.

Pumzi ikikatika, oksijeni ya mama hushuka na presha hupanda. Kondo la nyuma likipata damu haba, mtoto anaweza kudumaa tumboni. Kila hudhurio omba presha ipimwe, na kuanzia wiki ya 24 kimo cha tumbo kwa futi kamba.

Kuanzia wiki ya 28 lala ubavu, wowote ule. Mimi nilikunja khanga mbili nikazisokomeza mgongoni nisigeuke chali. Uso ukivimba, kichwa kikigonga au macho yakiona ukungu, nenda hospitali usiku huohuo.