Saa moja kila mwezi kwa watetezi wa watoto walio kwenye malezi ya kambo

Wenzangu mnaojitolea kuwafuatilia watoto waliowekwa kwenye familia za kuaminika, yaani nyumba zinazomlea mtoto asiyeweza kukaa kwao, semina ya mwanzo haitoshi. Pale unaelezwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mnapiga picha ya pamoja, unarudi nyumbani na begi lenye kalamu. Baada ya miezi kadhaa yule mtoto mkimya anaanza kutoroka usiku, na kwenye begi hakuna ukurasa wa hilo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Nkuhungu hapa Dodoma, na kwenye kundi letu ndiye ninayepanga mafunzo ya kila mwezi. Kipimo nimekiazima mbali. Kule Marekani, ambako Jaji David Soukup wa Seattle alianzisha mwaka 1977 utaratibu wa raia wa kawaida kumsemea mtoto mahakamani, mtetezi husoma saa 30 kabla ya kuanza, kisha saa 12 kila mwaka. Kwetu anayepeleka ripoti Mahakama ya Watoto ni afisa ustawi wa jamii, sisi ni macho yake tu. Lakini saa 12 kwa mwaka ni saa moja kwa mwezi, na hiyo haimshindi hata muuza mboga wa soko la Sabasaba.

Saa hiyo ianze na daftari. Kila mtu asome sentensi moja aliyoandika alipotembelea mara ya mwisho, wengine wamuulize: umeona au umedhani? "Mtoto ananyanyaswa" ni hukumu. Iandike upya: "Jumanne saa nne asubuhi nimemkuta anatwanga uwele. Sare yake iko kambani, kavu. Watoto wa mwenye nyumba wako shule. Amesema, leo si zamu yangu." Hapo afisa ustawi ana pa kushika. Zoezi hili linaweza kula nusu saa nzima, liache lile.

Mtoto atajwe kwa herufi, si kwa jina. Na kwenye grupu la WhatsApp hapapiti picha ya mtoto, hata ya kumpongeza kwa kufaulu. Akituma mtu, ifutwe kwanza, maelezo baadaye.

Halafu igizeni, watu watatu watatu: mmoja mtoto, mmoja mtetezi, wa tatu ananukuu maswali tu. Kaeni mkekani na karanga za kubangua, maana mtoto huongea zaidi mikono ikiwa na shughuli. "Mama mlezi anakupiga, eti?" ni swali lililobeba jibu lake, lifutwe. "Nisimulie jana tangu ulipoamka" linatosha. Kifungu cha 11 cha sheria yetu kinampa mtoto haki ya kutoa maoni kwa mambo yanayomhusu, na asiyejua kuuliza anamnyima haki hiyo huku akitabasamu. Mtoto aliyetoka vijiji vya Bahi au Mvumi akikwama kwa Kiswahili, aseme Kigogo, na atafutwe wa kumtafsiria. Asiwe mtu wa nyumba anayolelewa.

Jizoezeni pia kukataa kwa upole ombi la "usimwambie mtu". Mtoto akitaja kuumizwa, taarifa inakwenda siku hiyohiyo kwa afisa ustawi au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ikishindikana, pigeni 116, ni bure. Mtetezi hapelelezi, wala hamkabili mlezi.

Wageni waalikwe kwa swali moja. Muuguzi wa zahanati ukimuuliza, "Utapiamlo nitautambuaje mtoto akiwa amevaa nguo zake?", atamaliza kwa dakika kumi na mtabaki na kitu. Mkimwomba mada, atakuja na projekta.

Posho siiungi mkono. Ikianza, siku isipokuwepo na watu hawapo. Karanga za zoezi zikaangwe, chai iwepo, basi.

Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, na miezi hiyo watu wako shamba tangu alfajiri, kwa hiyo kikao kiwe Jumapili alasiri. Tarehe ijayo itajwe kabla mtu hajanyanyuka. Aliyekosa apitiwe nyumbani na mwenzake wa jirani, wasome daftari lake wawili.