Tripodi: usinunue kwa urefu, nunua kwa kutulia

Jioni moja pale Coco Beach nilitega kamera kwenye tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, ya sh 35,000, kusi inavuma, nikageuka sekunde mbili kumjibu jamaa aliyekuwa ananiuliza saa, kurudisha macho kamera iko kifudifudi mchangani. Ile lenzi mpaka leo ukiizungusha inasaga kama mtu anatafuna karanga. Kwahiyo haya ninayoandika nimeyalipia aisee.

Kwanza hiyo namba ya kilo kwenye boksi, yaani uzito inaoweza kubeba, isikutishe wala isikufurahishe, maana kila kiwanda kinapima kivyake. Mimi napima mzigo wangu, yaani kamera pamoja na lenzi nzito kuliko zote nilizonazo, halafu nazidisha mara tatu. Mfano lenzi ya 70-200 ya f/2.8, ile ya kuvuta vitu vya mbali, inacheza kwenye kilo moja na nusu, weka na bodi ya kamera unafika kilo mbili na kitu, basi tafuta iliyoandikwa kilo 7 kwenda juu, kwenye miguu NA kwenye kichwa (ile sehemu ya juu inayoshika kamera), maana kichwa nacho kina kiwango chake na watu wengi wanasahau.

Urefu sasa. Wauzaji wanapenda kukuvutia ile nguzo ya kati mpaka mwisho, ooh bro hii inafika 170. Mwambie airudishe chini yote. Ile nguzo ukiinyanyua umeshaweka kamera juu ya mguu mmoja, utatu umeisha hapo. Kama wewe una sentimita 170 hivi, miguu peke yake ikifika 140 inatosha, kichwa na kamera vitamalizia mpaka usawa wa jicho bila kuinama kama unaokota embe.

Vipande vya mguu, vitatu vinatulia kuliko vinne, na vitano mi hata siangalii labda uwe mtu wa kupanda milima unataka ikunjike iingie kwenye begi. We angalia kile kipande cha chini kabisa, kikiwa chembamba kama penseli achana nacho.

Sasa hapa ndo penyewe, nenda dukani na kamera yako na usione aibu. Fungua miguu yote, kaza loki zote, weka kiganja juu ukandamize kidogo kisha uzungushe kushoto kulia kama unafungua mfuniko wa chupa, ikicheza jua itacheza na kwenye upepo. Halafu funga kamera na lenzi yako ndefu, lenga kitu kidogo mfano herufi kwenye bango la ng'ambo ya barabara, kaza kichwa, achia mkono. Picha ikishuka hata kidogo hicho kichwa hakifai, utakuwa unakimbizana na fremu maisha yako yote. Mwisho kuza picha kwenye skrini mara 10, gonga mguu kwa kidole, uhesabu mtetemo unachukua muda gani kutulia, halafu rudia kwenye tripodi nyingine ya bei hiyohiyo, utashangaa tofauti. Muuzaji akinuna hama duka, Kariakoo maduka ni mengi.

Kichwa chukua cha gololi, wanaita bolihedi, na hakikisha kinafunguka kutoka kwenye miguu ili baadae ubadilishe, skrubu yake kwa kawaida ni ya inchi 3/8 na ile inayoingia kwenye kamera ni inchi 1/4. Zile zenye kichwa cha plastiki kilichogandishwa na kimkono kirefu waachie wa video za simu. Pleti, kile kibati kinachofungwa chini ya kamera, iwe ya mtindo wa Arca-Swiss, upana kama milimita 38, kwasababu hizo zipo kila mahali, ila ukinunua yenye pleti ya kwake peke yake siku ikipotea umebaki na fimbo tatu. Na ununue ya akiba kabisa.

Kaboni au alumini? Kaboni ni nyepesi na inameza mtetemo vizuri, ila kama hutembei nayo sana alumini nzuri inashinda kaboni ya bei rahisi. Upepo ukizidi ning'iniza begi kwenye ndoano ya katikati, ila liguse chini kidogo, likibembea ndo limekuwa bembea na kamera nayo inabembea.

Ukishafunga zima ule utulizaji wa kwenye lenzi, kuna lenzi zikikaa kwenye stendi zinatafuta mtetemo ambao haupo zinaharibu picha zenyewe, halafu tumia taima ya sekunde 2 usiguse shata (kitufe cha kupigia picha) na kidole.

Na sisi wa pwani, ukishaiingiza kwenye maji ya bahari ikifika nyumbani isuuze kwa maji yasiyo na chumvi ukiwa umeivuta miguu yote, ianike kivulini, na zile loki za kuzungusha zifungue ndani utoe mchanga. Yangu ya sasa niliilaza na chumvi wiki moja tu, mguu mmoja ukagoma kufunguka mpaka tukauvuta watu wawili.